Kadi Mkobani: Safari ya Chama Chetu na Bima ya Afya, 2015 hadi 2025

Katika kijitabu hiki wengine wameandika juu ya viti na mahema tunayokodisha, juu ya mikopo ya mezani, na juu ya kiwanja chetu. Sisi tulioketi katika kamati ya ustawi tumepewa kazi ya kueleza jambo ambalo halikuwemo kabisa katika katiba yetu ya kwanza, nalo limekula vikao vyetu vingi kuliko jambo jingine lolote: vipi familia zetu zilivyotafuta bima ya afya, zikaipata, zikaihama, zikaumia, na zikajifunza. Tumejaribu kuyaandika yote, na yale ya aibu pia, maana daftari la kumbukumbu lipo na kila mwanachama ana haki ya kulisoma.

Yafaa kwanza ikumbukwe tulikotoka. Mama zetu hawakujua neno bima isipokuwa ile ya gari. Miaka ya sabini na themanini mtu alikwenda hospitali ya serikali akatibiwa bila kutoa pesa, au akatoa kidogo mno. Desemba 1989 serikali ikaleta mpango wa kugawana gharama. Ukasimamishwa kwa wagonjwa wa nje mwezi wa Septemba 1990, kisha ukarudishwa hatua kwa hatua tangu 1992. Wengi wetu tulikuwa wasichana wakati huo na tunakumbuka mama akifungua fundo la leso kuhesabu sarafu kabla hajaamua kama mtoto apelekwe zahanati au apewe muarubaini alale.

Bima ya taifa, NHIF, ilikuwako zamani. Sheria yake ni ya mwaka 1966, lakini ilianza kwa wenye mishahara. Mwaka 1972 mlango ukafunguliwa kwa waliojiajiri wenyewe kuingia kwa hiari, ila ni mama mbichi gani wa kuuza mahamri na viazi vya karai pale feri aliyeambiwa habari hiyo? Sisi hatukuambiwa. Kwa upande wa kampuni za watu binafsi, hizo zilikuwa za wakubwa. AAR ilianza mwaka 1984 kwa kazi ya kuokoa wagonjwa mahututi, na tulipoyaona magari yake tulidhani ni ya watalii. Kama mume ameajiriwa bandarini au katika hoteli kubwa, mke alipata kadi kupitia kazi ya mume. Kama hakuajiriwa huko, basi dawa ilikuwa mchango, na mchango ukishindwa, ni kuuza kitu.

Chama chetu kilianza Machi 2015, akina mama 22 wa Likoni, wengi kutoka Mtongwe na Timbwani. Kilianza kama mchezo wa kawaida: kila mmoja shilingi 200 kwa wiki, na zamu ikikufikia unachukua. Hatukuwa na nia nyingine. Lakini katika miezi sita ya kwanza, zamu nne zilizotolewa ziliishia hospitalini. Mtu amengoja zamu yake anunue cherehani, mtoto anapata homa ya mapafu, cherehani inageuka bili. Mweka hazina wetu ndiye aliyesema, katika kikao cha Oktoba mwaka huo, kwamba tunachezea hospitali, hatujichezei sisi.

Mwaka huo huo NHIF ilipandisha ada. Aliyejilipia mwenyewe alikuwa akitoa shilingi 160 kwa mwezi, sasa ikawa 500. Kelele zilikuwa nyingi. Hata hivyo kwa 500 zile ziliingia nyumba nzima, mume, mke na watoto, na matibabu ya wagonjwa wa nje yakaongezwa ambayo zamani hayakuwemo. Tukakubaliana kwamba kila mwanachama awe na kadi ya NHIF, na chama kikamkopesha asiyeweza kuanza. Kufikia mwisho wa 2016 wote 22 walikuwa nayo. Huo ndio ushindi wetu wa kwanza, nasi tunajivunia.

Tatizo likaja upande wa hospitali zenyewe. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa serikali waligoma, na mgomo ukaendelea hadi katikati ya Machi 2017, siku mia moja. Haukupita muda, mwezi wa Juni wauguzi nao wakagoma hadi Novemba. Hatuwalaumu, walikuwa na madai yao. Lakini kadi ya NHIF bila daktari ni kipande cha plastiki. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku alivushwa feri kwenda ng'ambo kutafuta hospitali ya kulipia, na huko kadi ililipa sehemu tu ya bili, iliyobaki ilikuwa juu yake. Hapo ndipo wale waliokuwa na uwezo kidogo walipoanza kuulizia kava za kampuni binafsi.

Hatukuwa watu wa kwanza wa kipato chetu kujaribu. Mwaka 2014 Safaricom, Britam na Changamka zilileta mpango ulioitwa Linda Jamii, shilingi 12,000 kwa mwaka kwa familia, mtu akiweka kidogo kidogo kwa simu. Mmoja wetu alikuwa ameuanza. Haukudumu, lakini ulituonyesha kwamba yule wa karai naye anaweza kufikiriwa.

Mwanzoni kila mtu alitafuta lake. Wanachama saba hivi walikuwa na kava binafsi kufikia 2018, katika kampuni tano mbalimbali, na ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesoma karatasi zake. Tulichojua ni bei, na jina la hospitali kubwa lililotajwa na ajenti. Tukikutana tulilinganisha kadi kama tunavyolinganisha leso mpya: ya nani imetoka vizuri.

Sasa tufike kwenye jambo la 2019. Tumeomba ruhusa ya mwenyewe kabla ya kuliandika, naye akasema liandikwe, ila jina lake lisitajwe.

Mwenzetu huyu, mama wa watoto watatu, mumewe alikuwa na tuktuk yake mwenyewe, ya kwao, imelipwa ikaisha. Walikuwa na kava ya kulazwa katika kampuni moja kwa miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2019, wakilipa kama shilingi 38,000 kwa mwaka kwa watu watano. Miaka yote mitatu hawakulazwa hata siku moja, na yeye alianza kunung'unika kwamba anatupa pesa baharini. Mwezi wa Mei tukapata mgeni katika kikao: ajenti wa kampuni nyingine, kijana mtaratibu, mtoto wa jirani yetu tuliyemjua tangu akiwa na suruali fupi. Alikuja na soda na kalenda. Alikuwa na kava ya 27,000 kwa familia ile ile, kikomo kile kile cha nusu milioni, na orodha ya hospitali ndefu kuliko ya kwanza.

Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba tulijadili jambo hilo kwa muda usiozidi nusu saa, tukaona kava mpya ni nafuu, na tukawashauri wanachama ambao muda wao unakwisha wahame. Yaani si kwamba aliamua peke yake gizani. Ni sisi tuliomwambia. Watu watano wetu tuliosaini kumbukumbu zile ndio tunaoandika maneno haya.

Fomu ilijazwa pale pale, juu ya meza yenye chupa za soda. Kulikuwa na maswali kama ishirini kuhusu maradhi: umewahi kutibiwa presha, sukari, pumu, matatizo ya kizazi, na kadhalika. Yule kijana, kwa kutaka kumaliza upesi, alitia alama ya «la» chini hadi mwisho, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Mwenzetu alikuwa amekwenda kliniki mwaka uliotangulia kwa hedhi nzito, akapewa vidonge vya damu akarudi nyumbani. Hakuona kuwa huo ni ugonjwa wa kuandikwa. Nani kati yetu angeona?

Septemba alianza kutokwa na damu isiyokoma. Picha ikaonyesha uvimbe wa kizazi, mkubwa, na daktari akasema asikae nao. Makadara foleni ya upasuaji ilikuwa ya wiki nyingi. Yeye kadi anayo mkobani, hospitali imo katika orodha, kwa nini angoje? Akaenda hospitali ya binafsi ng'ambo, akapokewa vizuri, akafanyiwa upasuaji siku ya pili, maana damu ilikuwa imeshuka mno. Jibu la kampuni likaja yeye akiwa kitandani: hawalipi. Sababu ya kwanza, uvimbe wa kizazi una muda wa kungoja wa mwaka mzima tangu siku ya kuingia, naye ana miezi minne. Sababu ya pili, hakueleza kwamba alikwisha kutibiwa hedhi.

Katika kampuni ya kwanza, alikokaa miaka mitatu, muda wa kungoja ulikuwa umepita zamani. Angebaki, ingelipwa. Kwa kuhama, saa ilirudishwa sifuri.

Bili ilikuwa shilingi 310,000. NHIF ilitoa sehemu yake, na zikabaki karibu 200,000. Daktari alimruhusu kutoka siku ya sita, lakini hesabu haikumruhusu. Alikaa pale siku 16 zaidi, mtu mzima aliyepona, akihesabiwa kitanda kila usiku. Tuliandamana kwenda kumwona kwa zamu, tukivuka feri na vyakula, na kila tulipoingia yeye ndiye aliyetufariji sisi. Chama kilitoa 64,000, ambazo ndizo zilizokuwamo. Jamaa wakachanga. Tuktuk ikauzwa. Mumewe alirudi kuendesha ya mtu mwingine kwa hesabu ya kila siku, na mpaka leo bado anaendesha ya mtu mwingine.

Tulikwenda kwa yule kijana. Alilia, tena alilia kweli, akasema hakufundishwa mambo ya muda wa kungoja kama ilivyopasa. Hatukuwa na la kumfanya. Tulipokaa na kitabu cha masharti cha kampuni ile, kurasa zaidi ya arubaini kwa Kiingereza, tulikuta lile sharti limeandikwa wazi katika jedwali. Tulikuwa tumepewa kitabu siku ya kutoa pesa. Kilikaa kabatini.

Wanachama wawili walitoka chamani mwezi huo. Mmoja alisema hawezi kukaa na watu wanaotoa ushauri wasioujua. Hakukosea. Mwenzetu mwenyewe hakutoka. Alikuja kikao cha Desemba, akatoa mia mbili zake, akasema kitu kimoja tu: kitabu kile kisomwe, ukurasa kwa ukurasa, na kisomwe kwa Kiswahili.

Basi tukasoma. Januari na Februari 2020, kila Jumapili jioni, katika baraza ya mwenyekiti wetu. Binti wa mwanachama mmoja, aliyekuwa chuo cha ualimu, alikuwa akifasiri, na sisi tunauliza. Tulisoma vitabu vya kampuni nne, si kimoja. Pengine tuandike hapa yale tuliyoyapata, maana wanachama wapya huuliza daima.

Kikomo cha nusu milioni si lazima kiwe cha kila mtu. Mara nyingi ni cha nyumba nzima, mnagawana: baba akilazwa akatumia 400,000, mama na watoto wamebakiwa na 100,000 hadi mwaka uishe. Ndani ya kikomo hicho kuna vikomo vidogo: uzazi una chake, maradhi sugu yana chake, mtoto aliyezaliwa na kasoro ana chake, na hivi vidogo ndivyo vinavyouma, kwa sababu ndivyo tunavyovitumia. Uzazi mara nyingi haulipwi hadi miezi kumi au mwaka umepita, maana yake mwenye mimba hawezi kuingia leo akajifungulia kadi hiyo. Ajali hulipwa tangu mwanzo. Ugonjwa wa kawaida hungoja kama mwezi. Upasuaji usio wa dharura hungoja zaidi. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kuingia ndio hungoja zaidi ya yote, na kampuni nyingine haziuchukui kabisa. Kava ya wagonjwa wa nje ni ghali karibu sawa na ya kulazwa, na tulipopiga hesabu ya mafua na tumbo za mwaka mzima wengi wetu tuliona ni afadhali kujilipia hizo kwa mfuko, tukachukue ya kulazwa pekee. Hilo ni wazo letu, mwenye watoto wa pumu huenda akaona vingine. Na kuna umri. Kampuni nyingi hazipokei mtu mpya aliyevuka miaka 60 au 65, ijapokuwa aliyemo tangu zamani huendelea. Mama mmoja wa miaka 59 alipofahamu hilo alikwenda kujiandikisha wiki ile ile.

Kuhusu kuhama, tulikuta njia ambayo hakuna ajenti aliyetuambia. Kampuni unayohamia inaweza kukubali kuhesabu miaka uliyokaa kule utokako, usingoje upya, iwapo utaomba kabla kava ya kwanza haijakatika, au ndani ya siku chache baada yake, na ulete barua ya kampuni ya zamani inayoonyesha tangu lini umekuwa mwanachama na umelipiwa nini. Hawalazimiki kukubali. Lakini wakikubali, na wakaandika, umevuka na miaka yako. Sharti ni kuandika. La mdomo halina thamani hata kama anayelisema ni mtoto wako wa kumzaa. Vilevile tulijua kwamba mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka kwa IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ambayo ilianza kazi mwaka 2007. Mwaka 2019 hatukujua ipo.

Masomo yale hayakuwa yamekauka wino corona ikaingia. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla ya Aprili kuisha hoteli za pwani ya kusini zilikuwa zimefunga milango. Waume wa wanachama watatu walirudishwa nyumbani kutoka Diani, na siku mkataba ulipokatwa ndiyo siku kadi ya familia ilipokatwa. Kwa miaka walikuwa wakituona sisi wa kujilipia kama maskini. Mungu si Athumani. Mmoja wao mumewe ana sukari. Kwa kuwa alikuwa amehudhuria zile Jumapili za barazani, alijua la kufanya: aliiandikia kampuni ile ile iliyobeba kava ya hoteli, ndani ya mwezi, akaomba wahamishwe kuwa kava ya familia pamoja na miaka yao. Wakakubali, kwa bei ya juu. Chama kikamkopesha nusu. Wa pili alisema angoje hoteli ifunguliwe. Ilipofunguliwa hakuitwa, na siku zilikuwa zimepita. Akaanza upya, na presha yake ikawekwa nje ya kava kwa miaka miwili. Wa tatu alibaki na NHIF pekee, ambayo nayo mwaka huo ilikuwa imerefusha muda wa kungoja kwa wajilipiaji wapya kuwa siku 90.

Mwaka 2021 ndipo tulipofanya jambo ambalo tangu mwanzo tungalilifanya: tukaenda kama chama. Kampuni humtazama mtu mmoja mmoja kwa wasiwasi, maana huenda anaingia kwa sababu ameshahisi anaumwa. Kikundi kikiingia chote, wazima na wagonjwa pamoja, wasiwasi hupungua na masharti hulegea. Kampuni tuliyozungumza nayo ilikubali kuondoa muda wa kungoja kwa maradhi mengi, ila ilitaka familia zote ziingie, si zile tu zenye mgonjwa.

Hapo palizuka ugomvi, tusiufiche. Vijana wetu, wenye mtoto mmoja au bila mtoto, walisema wanalipishwa maradhi ya wazee. Wazee wakasema nao walikuwa vijana. Wenzetu Waislamu waliuliza kama pesa zinazowekwa huko zinakwenda kwenye riba, swali la haki kabisa, na tukapeleka ujumbe kuulizia takafuli, ambayo kampuni yake ya kwanza nchini ilianza mwaka 2011. Bei yao kwa wakati ule haikutufaa, lakini wanachama watatu waliona dhamiri ni kubwa kuliko bei wakajisajili huko wenyewe, na chama kiliwapa mkopo sawa na wengine. Baada ya vikao vitano tulipiga kura. Familia 17 ziliingia. Kwa wasioweza kutoa pesa za mwaka kwa mkupuo tulianzisha mkopo wa bima: chama kinalipa, mwanachama anarudisha kwa miezi kumi bila faida. Ndio mkopo pekee wa chama chetu usio na faida, na ndio unaorudishwa vizuri kuliko yote.

Kuchagua hospitali nako kulikuwa na jambo lake. Orodha ya kampuni ilijaa hospitali nzuri, zote ng'ambo. Anayeishi kisiwani hawezi kufahamu. Uchungu wa uzazi ukikushika saa nane ya usiku na feri moja tu inafanya kazi, hospitali iliyo kilomita tatu ni kama iko Nairobi. Tulikataa kusaini mpaka walipoongeza kituo kimoja cha upande wetu chenye chumba cha upasuaji. Watoto wawili wa chama wamezaliwa pale kwa upasuaji tangu hapo.

Aprili 2022 tuliisikia habari ya Resolution, kampuni iliyokuwa na jina kubwa katika bima ya afya, kuwekwa chini ya usimamizi maalumu. Hakuna mwanachama wetu aliyekuwa huko. Lakini ilitufanya tuanze kuuliza swali jipya ambalo hatukulijua: kampuni hii inalipa hospitali kwa wakati? Jibu halimo katika kitabu. Tulilipata kwa kuwauliza makarani wa mapokezi, ambao wanajua kadi ya nani inapokewa kwa tabasamu na ya nani inapokewa kwa kuguna.

Mwaka 2023 kampuni yetu iliongeza bei karibu theluthi. Kwa haki, tulikuwa tumeitumia: pasua za uzazi mbili, mume mmoja wa moyo, na mvulana aliyevunjika paja kwenye bodaboda. Tukaamua kuhama. Safari hii haikuwa nusu saa. Tulianza miezi mitatu kabla, tukaita bei kutoka kampuni tatu, tukadai barua kutoka kule tunakotoka, na tukakataa kutoa hata shilingi mpaka kampuni mpya ilipoandika, kwa majina ya familia zote 17, kwamba hakuna atakayeanza kungoja upya. Fomu za maradhi zilijazwa na kila mama kwa mkono wake mwenyewe, kalamu yake mwenyewe, na wa kwanza kusimama kuwasomea wengine maswali, moja moja kwa Kiswahili, alikuwa yule mwenzetu wa 2019.

Kisha ikaja SHA. Sheria yake ilitiwa sahihi Oktoba 2023, kesi zikaenda na kurudi mahakamani, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikafunga kurasa zake. Ada sasa ni asilimia 2.75 ya kipato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake, ukuta, paa, choo, ili akadiriwe. Hutakiwa kutoa ya mwaka mzima mbele. Baadhi yetu tulikadiriwa chini ya zile 500 za zamani, baadhi juu zaidi, na mwanachama mmoja wa nyumba ya kupanga alikadiriwa zaidi ya mwenye nyumba wake, jambo lililotuchekesha kikao kizima isipokuwa yeye. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Kava zetu za binafsi zilijengwa juu ya NHIF: ile ya taifa hutoa kwanza, ya binafsi inamalizia. Ya chini ilipoondolewa, hospitali hazikujua zianzie wapi, na mama mmoja aliyepaswa kutoka Alhamisi alitoka Jumatatu. Tulisajili kila mtu, na watoto, kabla ya mwezi kwisha, na mkopo wa bima ukapanuliwa ufike na huko.

Leo, mwaka wa kumi, tuko wanachama 26. Wote wana SHA. Familia 19 zimo katika kava ya chama, tatu katika takafuli. Deni la hospitali la mwaka 2019 lilikwisha kulipwa, lakini tuktuk haijarudi. Katika kikao cha Julai ilipitishwa kwamba faida ya mahema ya mwaka huu isigawanywe, iwe malipo ya kwanza ya tuktuk hiyo. Wawili walipinga, na majina yao hayakuandikwa.

Kava ya chama inakwisha tarehe 30 Novemba. Bei mpya tumeshaipokea, nayo imepanda tena, na kuna kampuni mbili zinazotubembeleza. Kamati itakutana barazani kwa mwenyekiti kila Jumapili baada ya sherehe hii, saa kumi jioni. Ambaye hajaleta cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa mwaka huu akilete mapema, na aje na kitabu chake cha masharti.